Dalili za machipuko ya kaskazini katika mlango wa Sabaki

Msomaji wetu wa Mambrui ameandika hivi: “Mwalimu, asalaam aleikum. Mimi huvuka daraja la Sabaki kila siku kwenda kazini Malindi, na wakati wa kaskazi nimezoea kuona ndege wengi sana mlangoni mwa mto. Nimesoma kwamba watu wa Ulaya huandika tarehe wanayomwona mbayuwayu wa kwanza, na kwao hiyo ni dalili kuwa baridi inaisha. Kwa kuwa ndege hao wako kwetu kabla hawajafika kwao, je, nasi tunaweza kuona huku dalili za mapema za kugeuka kwa majira yao? Wanajuaje wakati wa kuondoka, ilhali huku ni joto mwaka mzima? Na mbona wengine nawaona hata mwezi wa Julai?”

Waaleikum salaam, ndugu yangu. Dalili zipo, na huku kwetu zinaanza kuonekana mapema kuliko huko. Mwezi wa Machi, wakati tundra ya Siberia, yaani uwanda usio na miti wa kaskazini ya mbali, ingali imefunikwa na theluji na hakuna mtu wa kule anayefikiria machipuko, ndege waliosimama kwenye tope la Sabaki huwa wameshaanza kubadilika manyoya, kunenepa na kukosa utulivu. Kinachohitajika ni kujua pa kutazama, kwa maana dalili hizo hazimo katika hali ya hewa ya Malindi wala katika idadi ya ndege. Zimo katika mwili wa ndege mwenyewe.

Nianze na hiyo desturi ya Ulaya. Mtu anayetajwa zaidi katika jambo hili ni Robert Marsham wa Norfolk, Uingereza, ambaye mwaka 1736 alianza kuandika tarehe za mambo aliyoyahesabu kuwa dalili za machipuko: maua ya kwanza, majani ya kwanza ya mti wa mwaloni, vyura wanapoanza kulia, na kuwasili kwa mbayuwayu. Aliendelea karibu mpaka alipofariki mwaka 1797, na kizazi chake kikaiendeleza kumbukumbu hiyo hadi mwaka 1958. Wakati wake hakuna aliyejua kwa hakika mbayuwayu walikuwa wakikaa wapi miezi ya baridi, na wapo wasomi waliodhani kwamba hujificha chini ya maji ya maziwa. Ushahidi ulipatikana baadaye sana. Mbayuwayu aliyevishwa pete mguuni huko Staffordshire mwezi wa Mei 1911 aliokotwa Natal, Afrika Kusini, mwezi wa Desemba 1912. Tangu hapo ilifahamika kwamba ndege anayetangaza mwisho wa baridi ya Uingereza ametoka upande huu wa dunia, na kwamba hesabu ya upande mmoja peke yake ni nusu ya habari.

Hata hivyo, ndugu yangu, mbayuwayu si ndege ninayekushauri umtegemee kwa swali lako. Yeye hupita juu kwa juu, hubadilisha manyoya yake bila kubadilika sura sana, na wengi wa wale unaowaona Aprili wametoka kusini zaidi na wanapita tu. Ndege wa kutazama ni wale wa topeni, hasa vitwitwi, kwa sababu hukaa mahali pamoja kwa miezi na mabadiliko yao huonekana kwa macho.

Chukua kitwitwi mwenye mdomo mrefu uliopinda kidogo kuelekea chini, ambaye jina lake la kisayansi ni Calidris ferruginea. Ni mmoja wa ndege wanaopatikana kwa wingi Sabaki na katika hori ya Mida, na akiruka utamtambua kwa weupe ulio juu ya mkia. Kuanzia Oktoba hadi Februari ana mgongo wa kijivu na tumbo jeupe, na asiyemzoea hawezi kumtofautisha na wenzake. Ikifika Machi, mtazame kwa darubini kifuani na ubavuni. Utaona manyoya machache ya rangi ya tofali yametokeza katikati ya yale meupe, mara nyingi bila mpangilio, upande mmoja zaidi ya mwingine. Manyoya hayo mapya yana ncha nyeupe, kwa hiyo mwanzoni wekundu wake huonekana umefifia. Kadiri siku zinavyopita ncha hukatika kwa kusuguana, na rangi kamili hujitokeza pasipo unyoya mwingine kuota. Kufikia mwisho wa Aprili dume huwa mwekundu kuanzia usoni hadi tumboni, na kundi la ndege kama hao likiwa limesimama kwenye fungu la mchanga jua likielekea kuzama ni jambo ambalo kila mtoto wa Mambrui na Malindi anastahili kuonyeshwa angalau mara moja.

Wengine nao wana alama zao. Yule mkubwa wa kijivu mwenye macho meusi makubwa, ambaye hukimbia hatua chache kisha akasimama ghafla, yaani Pluvialis squatarola, huanza kupata mabaka meusi usoni na tumboni mpaka sehemu yote ya mbele inakuwa nyeusi. Wale wadogo wanaofanana naye kwa mwendo, ambao huzaa katika nyika na nyanda za juu za Asia ya Kati, hupata mkanda wa rangi ya kutu kifuani, na hao hutangulia kuondoka kwa sababu huko waendako ardhi huwa wazi mapema kuliko tundra. Ukiona mkanda huo umekamilika, usishangae wiki chache baadaye ukikuta hawapo.

Dalili ya pili ni unene. Kitwitwi mdogo kuliko wote, Calidris minuta, ana uzito wa gramu 20 na kitu katika miezi ya kawaida, na kabla ya safari huweza kuongeza kiasi cha nusu ya uzito huo kwa mafuta. Mafuta hayo hulimbikizwa chini ya ngozi, kifuani na tumboni, na ndege akisimama upande utaona tumbo limeshuka nyuma ya miguu hata umbo lake linaonekana la mviringo. Sambamba na hayo utamwona hapumziki kula: maji yanapopwa anashuka topeni wa kwanza, na maji yanapojaa ndiye wa mwisho kupanda fungu. Ndani ya mwili kuna mengine yasiyoonekana. Uchunguzi wa ndege wa pwani wanaosafiri mbali umeonyesha kwamba karibu na siku ya kuondoka viungo vya kusagia chakula hupungua ukubwa, ilhali misuli ya kifua na moyo huongezeka, kwa sababu angani ndege hana haja ya tumbo zito. Mwaka 2022 ndege mmoja mchanga wa jamii hiyo ya vitwitwi, aliyefungwa kifaa cha setilaiti, aliruka kutoka Alaska hadi Tasmania kilomita 13,560 kwa muda wa siku 11 bila kutua. Wa kwetu hawahitaji kuruka kwa mkupuo mmoja mrefu kiasi hicho, lakini mwili wao umeumbwa kwa kanuni ile ile.

Dalili ya tatu huonekana siku chache tu kabla ya safari, na ndiyo ninayoipenda zaidi. Nenda mlangoni mwa mto mwishoni mwa Aprili, kuanzia saa kumi alasiri, siku ambayo maji yanajaa jioni. Kundi lililokuwa limelala kimya kwenye fungu huanza kuoga na kunyoosha mabawa, kisha ndege wachache huita, wengine huitikia, na kundi zima huinuka, likazunguka juu ya maji na kutua tena. Hufanya hivyo mara kadhaa. Halafu kundi moja dogo hupanda zaidi ya kawaida, likajipanga mstari wa mshazari, na badala ya kugeuka huendelea kupanda kuelekea kaskazini mpaka macho yanashindwa kulifuata. Baadhi hukata tamaa njiani wakarudi fungoni, na hao huenda wakajaribu tena jioni nyingine. Wakiondoka kabla ya magharibi hupata usiku mzima wa baridi, hewa tulivu na nyota za kuwaongoza.

Sasa nije kwenye swali lako la pili, ambalo kwangu ndilo zito zaidi. London siku ya Desemba ina mwanga wa takriban saa 8, na siku ya Juni ina zaidi ya saa 16. Ndege aliye huko anaweza kujua majira kwa urefu wa mchana peke yake. Malindi iko nyuzi 3 tu kusini mwa ikweta, na tofauti kati ya mchana wetu mrefu kabisa na mfupi kabisa ni dakika 20 na kidogo. Zaidi ya hayo, tofauti hiyo inakwenda kinyume: kuanzia Januari hadi Juni mchana wa Malindi unapungua, wakati wa kaskazini unaongezeka. Ndege anayefuata mwanga wa Malindi peke yake angedhani baridi ya kwao inakaribia.

Jibu lilipatikana kwa subira kubwa ya mtaalamu wa Ujerumani, Eberhard Gwinner. Katika miaka ya 1960 aliwaweka ndege wadogo wahamao, wa aina ambayo huja Afrika kila mwaka, katika vyumba vyenye saa 12 za mwanga na saa 12 za giza bila kubadilika, joto likiwa lile lile. Hawakuona jua wala mvua wala upepo. Pamoja na hayo, ulipofika msimu wao walibadilisha manyoya, wakanenepa, na usiku wakawa wanarukaruka vitunduni. Baadaye yeye na wenzake walichukua ndege wa jamii nyingine waliotoka hapa Kenya, wasiohama kabisa, na kuwafuga katika hali hiyo hiyo. Mmoja wao aliendelea kurudia mzunguko wa mwaka kwa zaidi ya miaka kumi. Mzunguko huo haukuwa wa miezi 12 kamili, ulikuwa wa kama miezi 10, na jambo hilo ndilo lililothibitisha kwamba ulitoka ndani ya ndege na haukuchochewa na kitu cha nje ambacho mtafiti alisahau kukizuia. Kwa hiyo kitwitwi wa Sabaki anabeba saa ya mwaka mwilini mwake. Mwanga wa kaskazini huirekebisha kila anapofika huko, na akirudi huku saa inaendelea yenyewe mpaka safari nyingine.

Upepo nao una sehemu yake, ingawa si wa kutoa amri. Wazee wetu wa Lamu na Malindi walijua kwamba majahazi ya Uarabuni na Ghuba huja na kaskazi na kurejea kusi inapoanza, na ndege hawa wanafuata ratiba inayokaribiana sana na hiyo. Anayeondoka mwishoni mwa Aprili mara nyingi huukuta upepo wa kusi umeanza kumsukuma kutoka nyuma. Tofauti ni kwamba nahodha alingoja upepo ndipo ajiandae, ilhali ndege amejiandaa wiki nyingi kabla upepo haujageuka.

Hapa inanibidi nikutahadharishe, kwa sababu watu wengi hukosea. Kupungua kwa ndege mlangoni mwa Sabaki si lazima iwe dalili ya safari. Mvua za masika zikinyesha bara, mto hushuka na maji mekundu, ukafunika matope na kuhamisha mafungu, na ndege wakahamia Mida au kwenye mashamba ya chumvi ya Gongoni na Marereni bila hata mmoja kuwa ameondoka nchini. Heroe nao huja na kwenda kwa kufuata maji na chakula, si kwa kufuata majira ya Ulaya. Tena wapo ndege wahamao wasiohusika na kaskazini hata kidogo: yupo yule wa kahawia mwenye mkia wa panda, arukaye kama mbayuwayu mkubwa, ambaye huzaa Madagaska na kuja Sabaki kwa makundi makubwa katikati ya mwaka, wakati wa kusi. Naye yule mla kaa mweupe na mweusi wa Mida, Dromas ardeola, ambaye watalii wengi huja kwa ajili yake, huzaa kwenye fukwe za Bahari ya Shamu, Ghuba na Somalia, akichimba shimo mchangani na kutaga yai moja jeupe, na joto la mchanga humsaidia kuliatamia. Kwa hiyo usihesabu vichwa tu ukatoa hukumu. Tazama manyoya kwanza.

Kuhusu wale wa Julai: wengi wao ni ndege wa mwaka wao wa kwanza. Vitwitwi wengi wakubwa kwa umbo, sululu wakiwemo, hawazai mpaka wafikishe miaka miwili au zaidi, na kwa ndege ambaye hatazaa, safari ya maelfu ya kilomita kwenda na kurudi ni hatari isiyo na faida. Hubaki pwani, wakala, wakakua. Hata wale wenye mdomo uliopinda niliowataja hapo juu, watoto wao wa mwaka wa kwanza kwa kawaida hawarudi kaskazini. Utawatambua kwa rangi: Juni na Julai bado wana kijivu na weupe, manyoya ya mabawa yakiwa yamechakaa. Kisha kuanzia mwisho wa Julai na Agosti mwanzoni utaona katikati yao ndege wenye mabaka mekundu yaliyopauka. Hao hawakubaki, hao wamekwisha kwenda na kurudi. Wa kwanza huwa madume, kwa sababu katika aina hiyo dume haatamii mayai wala halei watoto, na jike likishataga yeye huanza safari ya kurejea. Majike hufuata, na watoto waliozaliwa mwaka huo hufika mwisho, wakiwa peke yao bila wazazi wa kuwaonyesha njia, Septemba na Oktoba.

Idadi ya watoto hao nayo hubeba habari za mbali. Huko tundra kuna panya wadogo waitwao lemingi, ambao huongezeka sana mwaka mmoja kila baada ya miaka mitatu hivi kisha wakapungua ghafla. Wakiwa wengi, mbweha wa theluji hula panya na kuwaacha makinda. Wakipungua, mbweha huyageukia makinda na mayai. Ndiyo maana miaka mingine Oktoba huleta vitwitwi wachanga tele, na mwaka unaofuata huenda usione ila watu wazima.

Nimetaja mapema kwamba saa ya ndege imo mwilini. Hilo ndilo linalonitia wasiwasi leo. Theluji ya Aktiki sasa inayeyuka mapema kuliko zamani; katika rasi ya Taimyr, kaskazini mwa Siberia, watafiti walipima kwa miaka 33 wakakuta inayeyuka mapema zaidi kwa wastani wa nusu siku kila mwaka. Wadudu hutoka mapema pia, na makinda yanayoanguliwa kwa tarehe za zamani hukuta karamu imepita. Mwaka 2016 kundi la watafiti lililoongozwa na Jan van Gils lilionyesha kwamba vitwitwi wa aina moja wanaozaliwa Taimyr baada ya machipuko ya mapema hukua wakiwa wadogo na wenye midomo mifupi, na wakifika Mauritania, ambako hutumia miezi ya baridi, hushindwa kufikia simbi waliozama tope la ndani, na wengi wao hufa. Tazama jinsi jambo lilivyo: machipuko yaliharibika Siberia, lakini vifo vilitokea pwani ya Afrika. Mwaka 2024 Calidris ferruginea na Pluvialis squatarola, wote wawili niliowaeleza hapa, walitajwa katika orodha ya kimataifa kuwa miongoni mwa ndege walio hatarini kutoweka, kwa kuwa wanapungua kwa kasi.

Kwa hiyo ningependa uandike, ndugu yangu, kwa kuwa unavuka daraja lile kila siku na wataalamu hawapiti hapo kila siku. Ulaya wana tarehe za ndege wa kwanza kwa karibu miaka 300. Sisi tunazo chache mno za ndege wa mwisho, na ndizo zitakazoonyesha kama ndege wetu wanajaribu kuondoka mapema zaidi. Chukua daftari, uandike tarehe, hali ya maji, na kati ya kila vitwitwi ishirini utakaowatazama vizuri, wangapi wana wekundu kifuani. Fanya hivyo mara moja kwa wiki kuanzia mwisho wa Februari hadi katikati ya Mei, saa mbili hivi kabla ya maji kujaa, ndege wanaposukumwa karibu na nchi kavu. Siku za bamvua ni nzuri zaidi kwa sababu mafungu hubaki machache na ndege hukusanyika. Siku za maji mafu hutawanyika. Kama huna darubini, nenda Mida, kwenye daraja la mbao lililoning’inizwa kati ya mikoko, ambalo mapato yake husaidia karo za wanafunzi wa vijiji vinavyouzunguka msitu wa Arabuko-Sokoke. Hapo ndege huonekana kwa karibu, na waongozaji wake ni vijana wenye ujuzi mkubwa. Kituo cha A Rocha Kenya, shirika la uhifadhi wa mazingira, kilichopo Watamu huwavisha ndege pete huko Mida na hupokea kumbukumbu za watu wa kawaida kwa furaha, kama wafanyavyo Makumbusho ya Taifa, ambao huratibu hesabu ya ndege wa maji kila Januari.

Usiwaendee karibu mno, na umwombe yeyote mwenye mbwa au pikipiki ufukweni awazunguke kwa mbali, hasa Aprili: kila wanaporushwa huchoma mafuta waliyoyakusanya kwa wiki kadhaa, na mafuta hayo ndiyo nauli yao. Na ukiokota ndege aliyekufa mwenye pete mguuni, nakili herufi na namba zote zilizoandikwa juu yake, pamoja na mahali na tarehe, uzipeleke Makumbusho au Watamu, hata kama pete imeandikwa kwa lugha usiyoisoma.